Mtaka cha Mvunguni

Wahenga walisema sharti ainame.
Wakanyamaza hapo.
Hakuna aliyebaki nyuma kutwambia
mtu huinuka vipi.

Mimi nimeinama miaka ishirini na mbili,
Kiuyu, maji yakipwa,
taitai mdomoni, kamba mapajani,
nafunga mwani shada baada ya shada,
uso majini, mgongo juani.

Siku ya bamvua, Mfungo Sita,
nilinyanyua gunia la mwani mbichi
nikasikia ta!
Nikadhani ni mambo imevunjika.
Nikageuka kutazama.
Sikugeuka.

Walinibeba Mkasi na Bikombo,
mmoja kwapa hili, mmoja lile,
na Bikombo, hata siku ile,
hakuacha kunikumbusha deni la kanga.

Somo yangu Raya akanikanda
kwa mafuta ya nazi na karafuu.
Shemegi akasema mtoto anikanyage:
mjukuu wangu Faki, miaka saba,
akanitembea mgongoni akihesabu hatua
kama anavuka daraja.
Siku ya tatu daraja likalia,
na Faki akalia nalo.

Nikaswali kitini miezi minne.
Kiti cha plastiki, cha bluu,
mguu mmoja umefungwa waya.
Rukuu kwa kidevu, sijida kwa kope.
Najua inakubaliwa. Najua.
Lakini paji la uso lina kiu yake.

Wete, chumba cha mwisho, mlango usiofunga.
Bwana Asaa ana vidole vinene vya seremala
na ukutani umening'inia mgongo wa plastiki.
"Hesabu pingili."
Nikahesabu kama za muwa: ishirini na nne,
kisha mfupa wa kitako.
"Na muwa uliokatwa ukawekwa tu pembeni?"
"Hukauka, ukawa kuni."
"Basi."

Akanilaza ubavu, goti juu, bega nyuma,
akasema vuta pumzi, toa...
ta!
Safari hii ulikuwa mlio wa mlango,
si wa mti.

Nikamwambia Mungu akulipe, umenitengeneza.
Akanawa mikono.
"Bado. Mimi nimefungua tu.
Kufagia ndani ni kwako,
asubuhi na jioni, mkekani.
Ukiacha, usirudi kunilaumu."

Karatasi yake ya michoro ililowa mvua njiani,
nikajitungia ubeti nisisahau:

*Lala chali kunja goti, nyayo zikanyage chini,*
*Inua kiuno, ati, hesabu kumi moyoni,*
*Kama paka kwenye kuti, pinda mgongo hewani,*
*Uti huu si wa chuma, waupa kutu kwa nini?*

Bikombo alinichungulia dirishani.
"Jamani! Mwanamke mzima anajifanya paka!"
Wiki ya pili akaja na mkeka wake.
Hakusema kitu.
Kiuno chake kilikuwa kimeshasema.

Sikupona kama ninavyosimuliwa na wasionijua.
Kipupwe kikiingia panauma palepale,
upana wa sarafu.
Ila baharini sasa nafunga nimekaa,
juu ya ndoo niliyoipindua,
na gunia moja nalibeba mara mbili, nusu nusu,
wanaocheka wacheke,
migongo yao bado ni mipya.

Jana gololi ya Faki ilibingirika mvunguni.
Nikapiga goti moja, nikapiga la pili,
kiganja, kiganja,
mgongo ukashuka pingili kwa pingili
kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba aijuayo.
Kulikuwa na vumbi, kandambili moja ya zamani,
na gololi, ya kijani, mbali kidogo.
Paji likagusa sakafu.
Sakafu ilikuwa baridi.
Nikabaki pale
zaidi ya haja ya gololi.

"Bibi, umeiona?"

Subiri, nikamwambia. Subiri kwanza.